Mikoba Mitatu na Kabati la Korongo

Wiki ile Pil-sun hakutulia. Akikaa, anainuka. Akishika ufagio, anauacha katikati ya sebule. Akibandika supu, anaikumbuka kwa harufu ya kuungua. Mumewe, Bae Du-chil, aliyeendesha basi mjini Daegu mpaka mgongo ukamkatalia, alimtazama kutoka mbele ya televisheni yake akatikisa kichwa.

"Mama Sang-u, una nini? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu."

"Ni lile kabati."

Kweli lilikuwa lile kabati.

Lilisimama kwenye duka la vyombo vya mitumba la Bwana Ok, nyuma ya soko, kati ya mafriji mabovu na madawati ya shule. Kabati la nguo la milango sita, jeusi, limepigwa rangi likang'aa mpaka ukijitazama unajiona, na uso wake wote umenakshiwa kwa maganda ya chaza. Korongo wanaruka juu ya misonobari, mawimbi yako chini, na mwezi uko kwenye mlango wa mwisho. Ukisogea hatua moja, korongo weupe wanakuwa kijani. Ukisogea tena, wanakuwa waridi. Wasichana wa rika la Pil-sun walipoolewa walikwenda kwa waume zao na makabati kama hayo. Gari lilipofika, mtaa mzima ulitoka kuangalia yakishushwa. Yeye alipoolewa alishuka na marobota mawili ya blanketi, na mama mkwe wake akachungulia nyuma ya gari akauliza, "Haya, na vingine vinakuja lini?"

Havikuja.

"Shangazi," Bwana Ok alimwambia siku ile ya Jumatatu, "mimi napenda ulichukue wewe. Lakini kuna mtu wa mkahawa kule Seoul, Jumamosi anakuja na gari. Anataka kung'oa milango afanye meza."

"Meza?"

"Ndiyo mtindo wao. Anaweka kioo juu, watu wanakunywa kahawa. Ukileta fedha kabla yake, ni lako. Usipoleta, korongo hawa watamwagiwa maziwa."

Fedha Pil-sun hakuwa nazo. Pensheni ya mumewe ilijua njia yake yenyewe: hospitali, umeme, gesi. Ila alikuwa na mikoba mitatu ya majina makubwa, ya maduka yale ambayo mlinzi anakufungulia mlango huku anatazama viatu vyako. Mmoja ulinunuliwa na mwanawe Sang-u, Pil-sun alipotimiza miaka sitini. Wa pili ulitumwa na binti yake aliyeolewa Kanada. Wa tatu ulikuja na harusi ya Sang-u. Siku hizi upande wa bibi harusi haumpelekei mama mkwe blanketi na vijiko peke yake. Unapeleka na mkoba. Upande wa bwana harusi nao unarudisha mkoba kwa bibi harusi, na mikoba inapishana njiani kama mabasi.

Yote mitatu, hakuwahi kubeba hata mmoja. Angeubeba wapi, sokoni kununua kabichi? Aliamua kuuza miwili ya watoto wake. Wa harusi aliuacha. Huo hauguswi.

*

Jumatano aliitia ile miwili kwenye mfuko wa supamaketi, mtu asijue amebeba nini, akapanda treni ya chini kwa chini mpaka mtaa wa maduka. Duka linalonunua mikoba lilikuwa ghorofa ya pili, kimya kama zahanati. Unachukua namba, unakaa, unaitwa.

Karani alikuwa binti mdogo mwenye glavu nyeupe. Alifungua nailoni ya mkoba wa kwanza, kisha akarudi nyuma kidogo.

"Bibi, huu ulikuwa unahifadhiwa wapi?"

"Juu ya kabati. Mpya kabisa huo. Sijaubeba hata siku moja."

"Naona. Lakini humu ndani..."

"Naftalini," alisema Pil-sun, kwa fahari kidogo. "Nabadilisha kila majira."

Vilikuwemo, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na magazeti ya kujaza tumbo la mkoba lisibonyee, na nailoni juu yake imekazwa mafundo mawili. Ndivyo mama yake alivyotunza vazi lake moja la hariri mpaka akazikwa nalo. Binti alipitisha kidole ndani ya mkoba, kidole kikanasa. Bitana ilikuwa imeyeyuka, inanata kama keki ya mchele iliyosahauliwa juani.

"Ngozi inataka hewa, bibi. Ukiifunga hivi, joto la Daegu linaipika. Na harufu hii haitoki." Aliona uso wa Pil-sun akashusha sauti. "Ungeibeba tu sokoni, ingekuwa mizima mpaka leo."

Nyuma yao mteja mmoja alifunika pua kwa skafu. Alifanya taratibu, kama anayejitengeneza shingo, lakini Pil-sun alimwona. Masikio yalimwaka moto.

"Sasa mnanipa ngapi?"

Binti alibonyeza kikokotoo akakigeuza upande wake. Pil-sun alidhani sifuri moja imesahauliwa.

"Na huu wa pili?"

"Hiyo ni ya yote miwili."

Aliikubali. Angerudi nayo afanyie nini? Lakini zile fedha hazikufika hata nusu ya kabati.

"Wamekupa?" Du-chil aliuliza, Pil-sun alipoingia nyumbani.

"Wamenipa harufu yangu."

"Basi achana nalo. Kabati la milango sita la kazi gani? Nguo zako zote zinaingia droo mbili."

"Wewe ulipotaka televisheni kubwa kama ukuta, nilisema kitu?"

"Ulisema. Wiki nzima."

Pil-sun aliingia chumbani akavuta kigoda. Juu ya kabati lao la mbao bandia, nyuma kabisa, kulikuwa na furushi la kitambaa cha hariri cha waridi. Hakuwahi kulifungua tangu harusi. Hata naftalini hakuweka, kwa sababu fundo lile lilifungwa kwa mkono wa mama wa mke wa Sang-u, na kufungua fundo la watu aliona aibu. Alilitazama kwa muda. Mkoba uliomo humo ulikuwa mzima, alijua. Ule wa heshima ndio uliosalimika, na sasa alitamani kama nao ungekuwa umeoza, ajue moja.

*

Alhamisi duka lilijaa. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, kando ya mwanamke kijana aliyeinamia furushi mapajani. Pil-sun alikaa, akashusha furushi lake. Ndipo akaona kitambaa cha jirani yake: hariri ya kijani kibichi, ukingo umetariziwa uzi wa dhahabu. Kitambaa hicho alikichagua yeye mwenyewe sokoni, akabishana bei mpaka mwenye duka akachoka. Ndicho alichofungia mkoba wa kumrudishia mkwewe.

Alipandisha macho. Mwanamke yule naye alikuwa ameganda, anatazama kitambaa cha waridi.

"Mama," alisema Yu-gyeong, mke wa Sang-u.

"Mama Do-gyeom."

Wote wawili wakaangalia ukutani, kwenye namba.

"Mtoto yuko wapi?" Pil-sun aliuliza ukuta.

"Kwa jirani. Baba haumwi?"

"Haumwi. Sang-u hajafukuzwa kazi?"

"Hajafukuzwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa."

"Hakuna, mama."

Kisha Yu-gyeong akaanza kucheka kwa puani, mabega yanatikisika, na Pil-sun akamfinya mguu.

"Nyamaza, watu wanaona. Mkoba ule nilikupa uubebe au uuatamie?"

"Niubebe wapi? Naingia nyumba za watu kubadilisha vichujio vya maji, mkono huu ndoo, mkono huu begi la vyuma. Niuning'inize shingoni? Na wewe, mama, mbona hata fundo hujafungua?"

"Usinigeuzie. Unauzia nini?"

Yu-gyeong alijilamba midomo. "Pikipiki."

"Pikipiki ya nini?"

"Ya kazi. Hivyo ndivyo nitakavyomwambia Sang-u."

"Na mimi unaniambiaje?"

"Nataka Jumapili moja moja niende mpaka Pohang, niangalie bahari, nirudi. Peke yangu. Bila mtu kuniita mama, wala fundi, wala mkwe."

"Una mtoto hajaanza hata kutembea."

"Ndiyo sababu."

Pil-sun alitaka kusema jambo la mama mkwe. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini furushi lilikuwa mapajani mwake mwenyewe.

"Utaanguka," alisema tu.

"Na wewe unauzia nini?"

Akamwambia. Akamwambia juu ya korongo, na mwezi, na mtu wa mkahawa. Yu-gyeong alisikiliza kinywa wazi.

"Milango sita? Mama, litaingia wapi? Kitanda je?"

"Kitanda kitatoka."

"Mtalala wapi?"

"Chini. Babu na bibi zetu walilala chini wakatuzaa."

"Na likiwaangukia?"

"Basi tutaanguka wote, wewe na pikipiki yako, mimi na kabati langu."

Namba iliyoitwa ilibakiza moja kufika ya Pil-sun. Yu-gyeong aliacha kucheka. Aliweka kidole juu ya fundo la waridi, akalibonyeza kidogo.

"Kuna kitu nataka ujue. Mkoba huu mama aliupata kwa kusugua masufuria ya kantini ya shule. Akimaliza zamu yake, anachukua na ya mwenzake. Alisema mwanangu haendi kwa watu mikono mitupu. Kila akinipigia simu anauliza, mkwe mwenzangu anaubeba? Namwambia anaubeba sana, karibu unachakaa."

Pil-sun alimkumbuka mwanamke yule wa mji wa Sangju, mama yake Yu-gyeong, mabega yake manene, mikono mikavu aliyokuwa akiificha chini ya meza siku ya harusi. Namba yake iliitwa. Hakuinuka. Ikaitwa mara ya pili.

"Unataka nisiuze?"

"Sijasema usiuze," Yu-gyeong alisema. "Nimesema ujue."

Pil-sun alisimama, akaenda. Fundo lilimpa kazi, mpaka yule binti wa glavu akamsaidia. Mkoba ulitoka laini, mkavu, unanuka duka. Binti aliugeuza huku na huku akatabasamu, akabonyeza kikokotoo. Zamu hii sifuri zote zilikuwepo.

Pil-sun alikunja kile kitambaa cha waridi mara nne akakitia kifuani. Hicho hakukiuza.

*

Kabati lilipandishwa Ijumaa kwa gari lenye ngazi ya kupandishia mizigo, sehemu tatu, mpaka ghorofa ya tisa kwenye baraza. Pil-sun alishuka chini kusudi, asimame na watu. Walitoka kweli: wazee wa bustanini, mlinzi, wanawake wenye vigari vya watoto. Ngazi ilipanda inalia, na korongo wakapita juu ya vichwa vyao, kijani, kisha waridi.

"Watu wanayatupa haya," jirani mmoja alisema. "Wewe unapandisha?"

"Napandisha."

"Vyako vyote hivyo?"

"Vyangu vyote," alisema Pil-sun. Alingoja aulizwe na vingine vinakuja lini. Hakuna aliyeuliza.

Kitanda kilitoka. Du-chil alilala chini, mgongo unamlalamikia, akitazama misonobari imemsimamia kichwani. "Miaka thelathini nimeendesha basi," alisema, "leo nimelala karakana." Lakini asubuhi Pil-sun alimkuta amekaa mbele ya mlango wa mwezi, anaupumulia na kuufuta kwa mkono wa fulana.

Pil-sun alidhani sasa atatulia. Hakutulia. Nguo zake za sokoni aliona aibu kuzining'iniza mle. Koti lake zuri lilikuwa na doa. Akaliacha kabati tupu, akaweka vidonge vitatu vya naftalini kila sehemu, akafunga. Na kila simu ikilia alishtuka, kwa maana sherehe ya mwaka wa kwanza wa Do-gyeom ilikuwa inakaribia, ingefanyika hapo nyumbani kwake, na mama yake Yu-gyeong, Bibi Choo, angetoka Sangju kuja.

*

Alikuja Bibi Choo na baridi ya Januari mashavuni, amevaa koti nene la rangi ya nyasi kavu, chupa mbili za mafuta ya ufuta mkononi. Waliinamiana mlangoni mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mkwe mwenzangu umechoka na safari. Mkwe mwenzangu mbona umekonda. Pil-sun alipokea koti akalitandaza juu ya mgongo wa kiti. Desturi ni makoti ya wageni kulazwa chumbani, na Bibi Choo alitazama kiti, kisha mlango wa chumba uliofungwa.

Yu-gyeong alipita na sinia la keki za mchele, akamkwepa mama yake macho. Pikipiki ilikuwa chini, imefunikwa turubai. Sang-u alishaambiwa ni ya kazi, akaamini, au aliamua kuamini.

Walipokaa kula supu ya mwani, Bibi Choo alifuta mdomo kwa uangalifu.

"Na ule mkoba," alisema, "hausumbui? Niliambiwa ngozi ile inachubuka haraka."

Kijiko cha Yu-gyeong kiligonga bakuli.

"Nauhifadhi, mkwe mwenzangu," alisema Pil-sun. "Nikiubeba kila siku nitauchubua."

"Ah. Yu-gyeong ananiambia unaubeba sana."

"Naubeba. Kisha nauhifadhi."

Du-chil alikohoa akaomba aongezewe kimchi, kabichi ya kuchachushwa, ambayo ilikuwa mbele yake. Bibi Choo aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akarudisha mikono yake chini ya meza. Pil-sun aliiona inavyokwenda chini, vidole vimepasuka kwa sabuni.

Ukaja wakati wa mtoto kuchagua kitu cha kumbashiria maisha yake. Vitu vilipangwa sakafuni mbele yake: kitita cha uzi kwa maisha marefu, noti, brashi ya kuandikia, mpira, na kifaa cha kusikilizia moyo. Do-gyeom aliwekwa mbele ya vitu, amevaa mavazi ya rangi, kofia imemwangukia jicho moja.

"Shika fedha," alisema Du-chil. "Shika fedha, babu apumzike."

"Brashi," alisema Sang-u.

Mtoto aliangalia fedha. Akaangalia uzi. Kisha akageuza kichwa. Mlango wa chumba ulikuwa umefunguka kiganja kimoja, pengine Du-chil alipokwenda kuchukua kamera, na jua la mchana lilikuwa limepiga mle ndani, likatupa kitu cha kijani na waridi sakafuni. Do-gyeom akainama akatambaa. Akaupita uzi, akaupita mpira.

"Mwacheni," alisema Bibi Choo, anainuka, "mtoto akifuata kitu hazuiwi siku hii. Tuone atashika nini."

Pil-sun alitaka kumkimbilia. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Mtoto alisukuma mlango kwa kichwa akaingia, watu wote nyuma yake, na mle ndani akajivuta mpaka kwenye mlango wa mwisho wa kabati, akainua mkono akaupiga mwezi kofi. Akacheka. Akaupiga tena.

Bibi Choo alisimama kizingitini, akalitazama kabati kutoka upande huu mpaka upande ule. Akatazama magodoro yaliyokunjwa pembeni. Juu yake kilikuwa kitambaa cha waridi, kimekunjwa mara nne. Alikijua. Akamtazama binti yake, na Yu-gyeong akainama chini.

"Mkwe mwenzangu," alisema Pil-sun. Sauti ilimtoka ndogo. "Mkoba wako ndio kabati hili."

Bibi Choo aliendelea kulitazama kabati.

"Nilikuwa nautazama tu. Miaka yote hiyo nautazama. Nimeambiwa ulivyoupata, na baada ya kuambiwa nikauuza. Yu-gyeong usimlaumu, mimi ndiye niliyeinuka."

Bibi Choo alisogea. Alimnyanyua mjukuu, akampa mama yake. Kisha akatoa mkono wake mbele za watu, akapitisha kidole chenye mpasuko juu ya bawa la korongo, taratibu, mpaka ncha.

"Dada yangu mkubwa alipoolewa alipewa kama hili," alisema. "Lake lilikuwa la kulungu. Mimi fedha zilikuwa zimekwisha."

Akashika kishikio cha shaba akafungua. Harufu ya naftalini ikawapiga wote usoni. Alichungulia, akafungua na mlango wa pili, na wa tatu.

"Mbona ndani hamna kitu?"

"Naogopa kulichubua," alisema Pil-sun.

Bibi Choo alimgeukia, akamtazama kwa muda kama mtu anayepima chumvi. Akaviokota vile vidonge kimoja kimoja, akavikusanya kiganjani, akampa Du-chil. "Baba Sang-u, katupe." Kisha akatoka kwenda sebuleni.

Walimsikia anatembea. Pil-sun alidhani anachukua vitu vyake aondoke. Bibi Choo alirudi amebeba koti lake. Lilinuka mafuta ya kukaangia, na treni, na mvuke wa jikoni kubwa. Hakuuliza henga, akaivuta mwenyewe, akalitundika katikati kabisa, peke yake, akafunga mlango. Mkono mmoja wa koti ulibaki nje, umebanwa chini ya mguu wa korongo.

"Supu inapoa," alisema, akaenda kukaa.

Pil-sun alibaki nyuma. Alifungua mlango, akauingiza mkono wa koti ndani, akaunyoosha. Kisha akachukua koti lake lenye doa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, akalitundika kando ya lile.